Timu Inayohitimu Kila Mwaka: Kazi ya Makocha Wakuu wa Soka wa Vyuo Vikuu Marekani

Kocha mkuu wa soka katika chuo kikuu cha Marekani ni mwajiriwa wa chuo. Analipwa na idara ya michezo, bosi wake ni mkurugenzi wa michezo, na wachezaji wake ni wanafunzi wanaotoka darasani kwenda mazoezini. Hana dirisha la kununua mshambuliaji timu inapokwama, na hata anayempata hawezi kukaa naye: mwanafunzi huruhusiwa kushindana misimu minne, kisha anavaa joho na kuondoka. Kila mwaka karibu robo ya kikosi huhitimu, na kila mwaka kocha huanza tena na vijana wa miaka 18. Jambo hilo ndilo linaloeleza karibu kila kitu katika kazi hii. Ndiyo maana anayeimudu anaweza kudumu nayo miaka thelathini, na ndiyo maana saa zake nyingi huishia kwenye kusaka vijana kuliko kupanga mbinu. Ndiyo maana pia mabadiliko ya kanuni yaliyoanza 2018 yameitikisa kuliko kipigo chochote cha uwanjani.

Michezo mingi ya vyuo nchini humo husimamiwa na NCAA, chama kilichozaliwa mwaka 1906. Kina madaraja matatu, na daraja la kwanza lina timu za soka za wanaume zaidi kidogo ya 200 na za wanawake zaidi ya 300. Pembeni yake kuna chama cha NAIA, chenye vyuo vidogo vingi, na NJCAA cha vyuo vya miaka miwili. Msimu huanza mwishoni mwa Agosti na kumalizika Desemba, timu nne zilizobaki zinapokusanyika mahali pamoja kwa nusu fainali na fainali. Ni msimu wa mbio: mechi kama 18 katika muda usiofika miezi mitatu, mara nyingi mbili kwa wiki. Kanuni za vyuo humruhusu kocha kubadilisha wachezaji wengi kuliko soka la kawaida, hata aliyetolewa akarudi kwa masharti. Kwa hiyo kocha wa chuo huhitaji kikosi kipana cha watu walio tayari, kuliko nyota kumi na mmoja.

Ubingwa wa taifa wa wanaume ulichezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1959, na Chuo Kikuu cha Saint Louis kikautwaa chini ya Bob Guelker. Siku hizo ukocha wa soka chuoni haukuwa kazi ya kumlisha mtu na familia yake. Harry Keough, aliyeichukua Saint Louis mwaka 1967 na kuipa mataji matano, alikuwa mfanyakazi wa posta, na timu aliihudumia baada ya saa za kazi. Huyu alikuwa beki wa kikosi cha Marekani kilichoifunga Uingereza 1–0 mjini Belo Horizonte katika Kombe la Dunia la 1950, moja ya matokeo yaliyoushangaza zaidi ulimwengu wa soka. Mwenzake wa siku ile, kiungo Walter Bahr, alikuwa mwalimu wa shule Philadelphia. Baadaye aliifundisha Temple, kisha Penn State kuanzia 1974 hadi 1988. Kule San Francisco, Steve Negoesco, aliyezaliwa Marekani na kukulia Romania, aliifundisha timu ya chuo tangu 1962 hadi 2000 na kutwaa mataji manne, huku kwa miaka mingi akifundisha pia shuleni. Alistaafu akiwa na ushindi wa mechi 544.

Idadi hiyohiyo ya ushindi ndiyo aliyoiacha Jerry Yeagley wa Indiana, na historia yake yafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa inaonyesha kazi hii ilivyojengwa. Yeagley alifika Indiana mwaka 1963 na kukuta soka ni klabu ya wanafunzi tu. Klabu ya wanafunzi maana yake hakuna bajeti ya idara ya michezo, hakuna ufadhili wa masomo kwa wachezaji, na hakuna nafasi katika mashindano ya ubingwa wa taifa. Aliishika katika hali hiyo kwa miaka kumi, akiomba hadhi mwaka baada ya mwaka, mpaka chuo kilipoitambua timu rasmi mwaka 1973. Miaka tisa baadaye ilikuwa bingwa wa taifa. Ikatwaa tena 1983, 1988, 1998, 1999, na mara ya sita Desemba 2003, ilipoifunga St. John's 2–1 mjini Columbus, Ohio. Mechi hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho katika kazi yake. Mwaka 2010 mwanawe, Todd Yeagley, aliyekuwa amecheza chini ya baba yake, alikabidhiwa timu, na mwaka 2012 naye akatwaa ubingwa.

Waasisi wa namna hiyo walikuwa na kinga ambayo kocha wa leo hana. Chuo chenyewe hakikujua soka ila kupitia kwao: uwanja waliudai wao, ratiba waliipanga wao, wazazi wa wachezaji waliwafahamu wao. Msimu mmoja au miwili mibaya haikumfanya mkurugenzi afikirie kumwondoa mtu ambaye bila yeye timu isingekuwapo.

Upande mwingine wa historia uliandikwa na wageni. Marekani ya miaka ya 1960 na 1970 haikuwa na vijana wengi waliokulia na mpira miguuni, na kocha aliyejua soka la nje alikuwa na hazina mkononi. Mfano mkubwa ni Lincoln Phillips, kipa kutoka Trinidad na Tobago, aliyeichukua timu ya Howard mwaka 1970. Howard ni chuo kikuu cha kihistoria cha Wamarekani weusi mjini Washington, na Phillips aliwakusanya hapo vijana wa Karibi na wa Afrika. Mwaka 1971 waliifunga Saint Louis 3–2 katika fainali na kuwa chuo cha kwanza cha aina hiyo kutwaa ubingwa wa daraja la kwanza wa NCAA. Kisha wakanyang'anywa. NCAA ilidai kwamba baadhi ya wachezaji hawakuwa na sifa za kucheza, ikafuta taji na kuiadhibu timu.

Phillips angeweza kuondoka. Alibaki, na mwaka 1974 Howard ilishinda kila mechi mpaka ikarudi fainali dhidi ya Saint Louis ileile, safari hii ikichezwa mjini Saint Louis, mbele ya watu wa wapinzani. Dakika tisini ziliisha sare, na muda wa nyongeza ukaongezwa hadi kipindi cha nne ndipo Kenneth Ilodigwe, Mnigeria, alipofunga bao la 2–1. Taji hilo halikuguswa na mtu. Katika historia yote ya ukocha wa vyuo ni vigumu kupata kazi iliyofanywa chini ya shinikizo kubwa kuliko hilo, na inasikitisha kwamba jina la Phillips halitajwi mara nyingi kama majina ya wenzake wa vyuo vyenye fedha.

Clemson nayo ilijengwa na mgeni. I. M. Ibrahim, Mpalestina aliyezaliwa Haifa na kusomea kemia, alianzisha timu mwaka 1967, akaleta Wanigeria na Waguyana katika mji mdogo wa Carolina Kusini, na kutwaa ubingwa mwaka 1984 na 1987. Clive Charles, mtoto wa mashariki mwa London na mmoja wa wachezaji weusi wa mwanzo wa West Ham, aliichukua Portland mwaka 1986, na kuanzia 1989 alikuwa kocha mkuu wa timu mbili kwa pamoja, ya wanaume na ya wanawake. Kasey Keller, kipa aliyedaka miaka mingi Ulaya, alipita mikononi mwake. Desemba 2002, akiwa tayari anaugua saratani, timu yake ya wanawake ilitwaa ubingwa kwa bao la muda wa nyongeza la Christine Sinclair. Charles alifariki Agosti iliyofuata. Bobby Clark, aliyekuwa kipa wa Scotland, alipita Bulawayo kuifundisha Highlanders ya Zimbabwe kabla ya kuvuka kwenda Dartmouth, Stanford na hatimaye Notre Dame, alikotwaa ubingwa mwaka 2013. Mwanawe Jamie anaifundisha Washington, na ndiye aliyekuwa kocha wa Handwalla Bwana, kijana aliyepita kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, kabla ya kuichezea Seattle Sounders.

Timu za wanawake zina historia yao, nayo huanza na sheria. Mwaka 1972 bunge la Marekani lilipitisha sheria iitwayo Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Ilipotumika katika michezo, vyuo vililazimika kuwapa wasichana nafasi zinazolingana na za wavulana. Ugumu ulikuwa mpira wa miguu wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu, ambao peke yake hubeba wanaume mia na zaidi na hauna timu ya wanawake. Ili hesabu ikae sawa, vyuo vilihitaji mchezo wa wanawake wenye kikosi kikubwa na gharama ndogo. Soka ilifaa kabisa. Vyuo vingi vikubwa vina timu ya wanawake bila ya wanaume kwa sababu hiyo, na makocha wengi wamepata kazi katika timu zilizoundwa ghafla. Florida ilianzisha yake mwaka 1995 chini ya Becky Burleigh, na ndani ya miaka mitatu ikawa bingwa wa taifa.

Timu iliyofungwa katika fainali ile ilikuwa North Carolina ya Anson Dorrance, na hakuna anayeweza kueleza ukocha wa vyuo bila kusimama kwake. Dorrance alizaliwa Bombay mwaka 1951, baba yake akiwa mtu wa kampuni ya mafuta, na utoto wake aliupitisha katika nchi nyingi, Kenya na Ethiopia zikiwamo. Alikuwa mwanafunzi wa sheria mkurugenzi wa michezo wa North Carolina alipompa timu ya wanaume. Mwaka 1979 akaongezewa ya wanawake. Sheria akaiacha, na baadaye timu ya wanaume pia. Kuanzia ubingwa wa kwanza wa NCAA wa wanawake mwaka 1982 hadi alipostaafu Agosti 2024, alitwaa mataji 21, tisa kati ya hayo mfululizo tangu 1986 hadi 1994. Katika kipindi hicho timu yake ilishinda mechi 92 bila kuvunja mlolongo. Mwaka 1991, akiwa bado kocha wa chuo, aliiongoza timu ya taifa ya Marekani kutwaa Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, nchini China.

Mbinu yake iliyojulikana zaidi aliichukua kwa jirani. Dean Smith, kocha wa mpira wa kikapu wa chuo hichohicho, alikuwa akiandika matokeo ya kila zoezi. Dorrance alilihamishia soka jambo hilo na kulizidisha: kila mpambano wa mmoja kwa mmoja, kila mbio, kila mchezo wa wachezaji wachache mazoezini una mshindi na mshindwa, matokeo yanaandikwa, na mchezaji anaona ameshika nafasi ya ngapi kati ya wenzake. Nyota Mia Hamm na Kristine Lilly walikomaa katika mazingira hayo. Lakini kocha wa kiwango hicho ana mamlaka makubwa juu ya wasichana wa miaka 18 hadi 22, na mamlaka hayo yana maswali yake. Mwaka 1998 wachezaji wawili wa zamani walimshtaki Dorrance kwa unyanyasaji wa kijinsia wakidai aliwazungumzia mambo yao ya mapenzi. Alikanusha unyanyasaji. Kesi hizo zilimalizika kwa maafikiano, moja mwaka 2004 na nyingine 2008, na zilivifanya vyuo kufikiri upya mipaka kati ya kocha na mchezaji.

Kwa kocha wa leo njia ya kuingia imenyooka kuliko zamani, ingawa ni ndefu. Wengi huanza kama wachezaji wa chuo. Wakitundika daluga hujitolea au hupokea posho ndogo huku wakisoma shahada ya pili, wakibeba koni, wakirekodi video na kuendesha gari la timu. Hapo wanapanda kuwa wasaidizi, na kwa kawaida huhamahama vyuo kadhaa kabla ya kukabidhiwa timu. Leseni za shirikisho la soka zinasaidia, na chama cha makocha, kilichoanzishwa mwaka 1941 na sasa kinaitwa United Soccer Coaches, hufanya mkutano mkubwa kila Januari ambako nafasi nyingi za kazi husikika kwanza kwenye korido kabla ya kutangazwa.

Ngazi nyingine ni kuanzia chini kwa timu ya daraja dogo. Jeremy Gunn, Mwingereza, aliiongoza Fort Lewis ya Colorado kutwaa ubingwa wa daraja la pili mwaka 2005, akaifikisha Charlotte fainali ya daraja la kwanza mwaka 2011, kisha akaenda Stanford na kushinda mara tatu mfululizo, 2015, 2016 na 2017. Mwingereza mwenzake Chris Grassie alitoka chuo cha daraja la pili huko West Virginia, akaenda Marshall, na kwa kikosi kilichojaa wachezaji wa kigeni akatwaa ubingwa wa msimu wa 2020, uliochezwa hadi Mei 2021 kwa sababu ya korona. Wako pia wasiotaka kupanda. Jay Martin aliishi kazi yake yote ya ukocha mkuu Ohio Wesleyan, chuo kidogo cha daraja la tatu, kuanzia 1977, na alipita ushindi wa mechi 700, jambo ambalo hakuna kocha wa wanaume wa daraja la kwanza aliyelifikia.

Kazi yenyewe mtazamaji haioni. Tuchukue hesabu iliyowasumbua makocha wa daraja la kwanza hadi mwaka 2025. Timu ya wanaume ilipewa ukomo wa ufadhili wa masomo 9.9, na ya wanawake 14. Kikosi kina watu zaidi ya 25. Kwa hiyo kocha alikatakata: kipa anapata nusu ya gharama, mshambuliaji robo tatu, beki wa mwaka wa kwanza robo, na wengine wanalipiwa vitabu tu au hawapati kitu. Mzazi wa kijana wa robo anataka kujua kwa nini si nusu. Kijana aliyefunga mabao kumi anataka kuongezewa, na fedha hiyo lazima itoke kwa mwenzake anayehitimu. Vyuo vya Ivy League na vya daraja la tatu havitoi kabisa ufadhili wa michezo, na huko kocha hushawishi kwa ubora wa shahada. Kocha mwenye kichwa cha mhasibu alimshinda mara nyingi kocha mwenye kichwa cha mbinu.

Kusaka vijana ndiko kunakokula mwaka mzima. Kanuni huruhusu kocha kuwasiliana na mwanafunzi wa sekondari kuanzia Juni 15 baada ya mwaka wake wa pili, na siku hiyo simu hulia tangu usiku wa manane. Kabla ya hapo kocha anaruhusiwa kutazama. Kwenye mashindano makubwa ya vijana, wikendi moja inaweza kuwa na mechi kwenye viwanja kumi kwa wakati mmoja, na kando ya kila uwanja unaona viti vya kukunja, fulana zenye nembo za vyuo, na watu wenye daftari wasiopiga makofi. Wanaangalia mambo ambayo bao haliyaonyeshi: kijana anafanya nini akipoteza mpira, anamjibuje mwenzake aliyekosea, anamsikilizaje kocha wake akitolewa. Kwa vijana wa nje kuna viza, vyeti, mtihani wa Kiingereza na uthibitisho kwamba hakuwahi kuwa mchezaji wa kulipwa. Philip Mayaka wa Kenya alipita mlango huo hadi Clemson, na mwaka 2021 Colorado Rapids wakamchagua wa tatu katika mchujo wa MLS, ligi ya kulipwa ya Marekani.

Msimu ukianza, muda wa mazoezi umewekewa kikomo cha saa 20 kwa wiki, na siku moja lazima iwe ya mapumziko. Saa zilizobaki za kocha huenda kwenye video, safari za basi, kikao na mshauri wa masomo kuhusu kiungo anayefeli hesabu, na mazungumzo na mkurugenzi kuhusu nyasi za uwanja. Majira ya joto huendesha kambi za mafunzo kwa watoto na vijana, ambazo kwa wasaidizi wengi ndizo zinazojazia mshahara.

Kutoka hapo kwenda soka la kulipwa ni safari ya wachache. Ligi ya MLS ilipoanza mwaka 1996, timu ziliwageukia makocha wa vyuo kwa kuwa ndio waliokuwapo. Bruce Arena alikuwa ameajiriwa Virginia mwaka 1978, na kwa miaka kadhaa kazi yake ilikuwa pamoja na usaidizi wa timu ya lakrosi. Aliondoka na mataji matano, manne ya mfululizo kuanzia 1991 hadi 1994, akaenda D.C. United na kutwaa ubingwa katika misimu miwili ya mwanzo ya ligi. Mwaka 2002 aliifikisha Marekani robo fainali ya Kombe la Dunia. Sigi Schmid, aliyezaliwa Ujerumani, aliipa UCLA mataji matatu, la kwanza mwaka 1985 katika fainali iliyochezwa dakika 166. Baadaye alitwaa ubingwa wa MLS akiwa na LA Galaxy na Columbus. Bob Bradley, msaidizi wa zamani wa Arena, alidumu miaka kumi na miwili Princeton, akapanda hadi timu ya taifa, na kati ya 2011 na 2013 akaifundisha Misri katika kipindi kigumu cha mapinduzi.

Mlango huo sasa umekuwa mwembamba. Timu za kulipwa hulea vijana wao wenyewe na kuwatafuta makocha Ulaya, Amerika Kusini na ndani ya akademi zao. Caleb Porter, aliyeipa Akron ubingwa mwaka 2010 na Portland Timbers mwaka 2015, ni miongoni mwa wa mwisho kuruka moja kwa moja na kufanikiwa. Kuna waliochanganya. Randy Waldrum alikuwa kocha wa wanawake wa Pittsburgh na wakati huohuo wa Super Falcons ya Nigeria. Katika Kombe la Dunia la 2023 Nigeria iliifunga Australia 3–2 nyumbani kwao na kutolewa na Uingereza kwa penalti tu.

Kibarua cha kocha wa chuo huota nyasi kwa njia kadhaa. Matokeo ni mojawapo, ingawa soka halilipi bili za idara, hivyo uvumilivu ni mkubwa kuliko kwa kocha wa kikapu. Inayouma zaidi ni timu kufutwa. Richmond ilifuta soka la wanaume mwaka 2012, na Cincinnati ikafanya hivyo Aprili 2020. Kocha ambaye hakukosea kitu anakuta kazi haipo, na wachezaji alioahidi wazazi wao miaka minne wanatafuta pa kwenda. Wengine hujiangusha wenyewe. Machi 2019 waendesha mashtaka walifichua mtandao wa rushwa ya kuwaingiza watoto wa matajiri vyuoni kama wanamichezo. Makocha wa soka wa Yale, UCLA na Southern California walikuwamo, kwa sababu kocha mkuu hupewa nafasi kadhaa za kupendekeza wanafunzi wapokewe, na katika mchezo usiofuatiliwa na vyombo vya habari hakuna aliyeuliza kama anayependekezwa anajua kupiga mpira.

Suala la wanawake kwenye benchi halijatatuliwa. Mwaka 1972 zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake za vyuo, katika michezo yote, zilifundishwa na wanawake. Fedha na hadhi zilipoongezeka wanaume walizifuata, na leo wanawake ni chini ya nusu. Katika soka orodha ya wanawake waliotwaa ubingwa wa daraja la kwanza ni fupi: Burleigh mwaka 1998, Amanda Cromwell wa UCLA 2013, Erica Dambach wa Penn State 2015, na Margueritte Aozasa, aliyetwaa na UCLA mwaka 2022 katika msimu wake wa kwanza kama kocha mkuu. Msimu wa soka una safari za kila wikendi, na usakaji wa vijana unakula mapumziko. Vyuo vinavyotaka wanawake wabaki vinapaswa kulitazama hilo kabla ya kulalamika kwamba waombaji ni wachache.

Yaliyotokea tangu 2018 yamebadilisha msingi wa kazi. Mwaka huo NCAA ilifungua mfumo wa uhamisho ambapo mchezaji anaweka jina lake na vyuo vyote vinaweza kumtafuta. Mwaka 2021 mchezaji aliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu, na mwaka 2024 kizuizi hicho kikaondolewa hata kwa anayehama tena. Julai 2021 wachezaji waliruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao. Juni 2025 mahakama ikaidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja. Vyuo vilivyoyakubali viliondolewa ukomo wa ufadhili, na badala yake kikosi cha soka kikawekewa kikomo cha wachezaji 28, wanaume na wanawake sawa. Kwenye karatasi chuo kinaweza kuwafadhili wote 28. Kwa kweli fedha hizo nyingi zinakwenda kwenye mpira wa Kimarekani na kikapu, na kocha wa soka anayepewa kitu ni yule mwenye wafadhili wake.

Athari kubwa imo kwenye kikosi. Kocha wa zamani aliweza kumlea kijana asiyekomaa kwa miaka miwili akijua atamvuna mwaka wa tatu. Sasa anayekomaa huenda akavunwa na chuo kingine. Vijana wa sekondari wanapoteza nafasi kwa wachezaji wa miaka 22 waliokwisha kucheza kwingine, na wasaidizi hukesha Novemba na Desemba wakitazama video za wanaohama wakati mashindano ya ubingwa bado yanaendelea.

Msimu wa 2024 ulionyesha sura zote mbili za kazi hii, ya zamani na ya sasa. North Carolina, iliyoachwa na Dorrance siku chache kabla ya mechi za kwanza, ilikabidhiwa kwa msaidizi wake Damon Nahas kama kocha wa muda. Ilitwaa ubingwa Desemba kwa kuifunga Wake Forest 1–0, na Nahas akathibitishwa. Kwa wanaume, Vermont, ambayo haikuwa hata katika orodha ya timu zilizopangiwa nafasi za juu, iliifunga Marshall 2–1 katika muda wa nyongeza na kupata taji lake la kwanza. Kocha wake, Rob Dow, alikuwa ameijenga timu hiyo tangu 2017. Muda mfupi baadaye alihamia Penn State, na mikoba yake Vermont ikachukuliwa na msaidizi wake, aliyelazimika kuziba pengo la waliohitimu na la waliohama katika majira yaleyale ya baridi.